Kidude Kisichopiga Hodi

Jumanne, 24 Machi

Kimefika! Kimefika, kimefika, kimefika! Baba kakichukua Kilindoni kwenye boti, kwenye boksi dogo lililozungushwa tepu mpaka nikatumia kisu cha kukatia samaki kulifungua. Juu yake jina langu kwa wino mweusi: Wafaa Amour, Kiegeani, Mafia.

Chenyewe ni kompyuta ya baiskeli. Kadogo kama kipande cha sabuni, kanafungwa kwenye usukani, na kanaandika kila kitu: umepita wapi, kwa mwendo gani, umepumzika wapi. Kocha Happy wa klabu ya wanawake kule Morogoro katuazima wasichana wachache wa mikoa tofauti, kila mmoja chake. Tuendeshe masika yote, kidude kiandike safari zetu, halafu chenyewe kimpelekee kwa waifai. Kufunga ni Jumamosi ya 23 Mei, saa kumi alasiri. Katika safari hizo lazima iwemo moja ndefu ya siku nzima. Watakaomridhisha anawachukua kambini.

Kambini, mimi! Mimi ninayebeba maandazi ya mama kwenda Utende na kurudi na ndoo tupu!

"Umeona wapi mtu anachaguliwa na mtu asiyemwona?" mama akauliza.

"Kwenye posa," baba akamjibu, akapigwa kwa kitambaa cha jikoni.

Jumatano, 25 Machi

Utende kwenda na kurudi, mvua usoni. Kidude kilipoandika "safari imehifadhiwa" nilikibusu, na Mungu anisamehe, mbele ya watu.

Ijumaa, 27 Machi

Kumbe kuandika ni kazi rahisi. Kazi ni kupeleka.

Simu yetu nyumbani ni ya baba, ya vibonye. Sista Laurencia, nesi wa zahanati aliyepanga nyumba ya jirani, kanipa simu yake kubwa tujaribu kurusha mtandao kutoka humo. Lakini bondeni kwetu huku mtandao unatosha ujumbe tu, na mvua ikianza unakufa. Kidude kikazungusha, kikazungusha, kikanyamaza. Leo nikajaribu hotelini Utende nilikopeleka maandazi. Waifai yao inafungua ukurasa, inauliza wewe ni mgeni wa chumba gani. Kidude hakijui kufungua kurasa. Kilindoni kwenye nyumba ya wageni, vilevile.

"Hiki kinataka waifai ya nyumbani kwa mtu," Sista Laurencia akasema. "Jina na paswedi, basi. Nani anayo hapa?"

Nani anayo! Upande wetu wote anayo mtu mmoja: Shangazi Khairiya, dada mkubwa wa baba. Mwanawe Suhail yuko Maskati, ndiye aliyemwekea, antena iko juu ya mlingoti mrefu kuliko minazi. Na Shangazi Khairiya ndiye aliyesema sikukuu ya Idi, barazani kwake, mbele ya wageni wote na sahani zao za biriani: "Mtoto wa kike anayeendesha baiskeli kama kafukuzwa na nyuki, mwisho wake ni mguu kuvunjika." Wakacheka wote. Niliweka sahani chini nikaondoka, na tangu siku ile sijakanyaga kwake.

Nikamwombe? Thubutu!

Jumamosi, 28 Machi

Warda kanipa paswedi. Warda ni kitinda mimba wa shangazi, na tumekua pamoja, tumenyonya pamoja, tumeibiana hereni. "Mama asijue," akasema, "atanichuna." Nikaenda nyuma ya nyumba, uani, nikasimama nje ya ua wa makuti karibu na jiko. Nikaandika herufi moja moja, maana kidude kina vitufe vitatu tu.

Kikaingia! Safari za Utende zikaenda zote! Baada ya muda mfupi Sista Laurencia akaja mbio na simu yake, Kocha Happy kaandika: "Nimekuona, Wafaa. Ile kona ya pili umeiingia kwa mwendo huo kwenye mvua? Endelea."

Nimekuona! Yuko Morogoro na kaiona kona ya kwa Mize! Nimeruka mpaka kandambili imekatika.

Jumapili, 29 Machi

Kimekataa. "Haikuunganishwa." Basi.

Jumatatu, 30 Machi

Kimekataa.

Jumanne, 31 Machi

Mvua kubwa. Kimekataa. Nimeandika paswedi mpaka naiota.

Ijumaa, 3 Aprili

Warda kaapa paswedi haijabadilishwa. Kanionyesha kwenye simu yake: ileile. Kajifanya anapangusa vumbi, akaizima rauta, akaiwasha. Wapi! Sista Laurencia kasema pengine nasimama mbali. Leo nimejibana kwenye ua wa makuti mpaka ushungi umenasa, kuku wa shangazi wananitazama. Sikuweza kucheka. Kimekataa.

Nimesikia sauti yake ndani, shangazi, anasema peke yake: "Haya, huyo tena!" Nikadhani kuku.

Jumatano, 8 Aprili

Kilindoni. Njia imejaa maji, nimependa kweli.

Jumamosi, 11 Aprili

Kimekataa. Lakini mwendo wangu wa Utende leo ni mkubwa kuliko siku zote. Sasa mtu una mwendo kama huu na wa kumwambia hayupo. Umo ndani ya kidude, kimya, kama mchele uliofungiwa.

Jumamosi, 18 Aprili

Nimekwenda Rasi Mkumbi! Ngoja niandike vizuri kabla mkono haujalala.

Nilitoka baada ya sala ya alfajiri, suruali ndani, gauni fupi juu, ushungi umebanwa pini nne. Baba kanifungia mpira wa akiba kwenye fremu na kunipa kofia ngumu aliyoinunua kwa siri. Nikamwuliza, baba, na wewe unaogopa? Akasema, "Mimi sitaki ule mguu aliousema dada yangu," akageukia pembeni.

Kilindoni nimeipita watu wanafungua maduka. Baada ya hapo ni kaskazini tu, kaskazini, kaskazini. Mvua ilinikuta ikaniacha, ikanikuta tena. Kuna mahali tope lilikuwa la kufika kitovu cha gurudumu, nikaibeba baiskeli begani, na watoto wa shule ya madrasa wakanihesabia hatua kwa sauti kama mwalimu wao. Mahali pengine mama mmoja anayepalilia muhogo kasimama wima akapiga kelele, "We binti, nani kafa?" Nikamjibu, "Hajafa mtu, nafanya mazoezi!" Akasema, "Basi punguza, utatuua sisi kwa hofu!"

Nilipouona mnara wa taa nilianza kupiga vigelegele peke yangu. Peke yangu! Wavuvi waliokuwa wanatengeneza nyavu wakanitazama, kisha mmoja akaitika, basi nikapata wa kunisindikiza. Wakanipa dafu na kipande cha nguru wa kuchoma. Wakauliza natafuta nini. Nikawaonyesha kidude: mstari mwembamba unaopanda kisiwa kizima, mkia uko Kiegeani na kichwa kipo hapo tulipokaa. Mzee mmoja akakishika kwa mikono miwili, akasema, "Yaani hii ndiyo wewe?"

Ndiyo mimi. Wallahi ndiyo mimi.

Kurudi nilikuja na upepo wa mgongoni, na magoti yanalia. Nikapitia uani kwa shangazi moja kwa moja, tope mpaka kwenye nyusi, nikabonyeza. Kimekataa. Nilikaa chini kwenye majani yaliyoloa nikalia kilio cha mtoto. Safari ndefu aliyoitaka kocha ninayo mkononi na hataiona.

Jumapili, 19 Aprili

Sitembei. Mama ananicheka.

Jumamosi, 2 Mei

Kisa leo kwa shangazi. Abubakari, fundi simu, kibanda chake kinatazamana na baraza ya shangazi, na kwa ruhusa yake huwa anakaa pale barazani akivuta waifai kwa simu yake kwa kazi za wateja. Leo shangazi kamfukuza mbele za watu.

"Nilikupa ruhusa ya simu moja, Abubakari, umeniletea na ndugu zake!"

"Shangazi, haki ya Mungu, simu yangu ni hiihii."

"Basi nani anayeingia kwangu bila hodi? Nimemtoa, na kila siku anarudi! Beba mkeka wako."

Masikini Abubakari kakunja mkeka huku wateja wanamtazama. Nilikuwa napita na ndoo ya maandazi. Moyoni nikasema shangazi huyu kazidi sasa, anaona wezi hata hewani. Nikampa Abubakari andazi moja la bure.

Jumapili, 10 Mei

Kidude nimekipeleka kwa Abubakari. Kakikagua juu chini, akasema ugonjwa umo ndani, dawa ni kukifuta kianze upya kama kimetoka dukani.

"Na safari zangu?"

"Zitaondoka, lakini kitapona."

Nilimwambia sawa. Nikamwona anabonyeza, kikauliza "Una hakika?" Nikakumbuka yule mzee wa Rasi Mkumbi. Nikampokonya kidude kwa nguvu mpaka stuli ikaanguka.

"Wafaa, sasa unataka kipone au hutaki?" akauliza. Hana kosa. Hata mimi sijui.

Jumamosi, 16 Mei

Ujumbe wa kocha kwenye simu ya Sista Laurencia: "Wafaa, tangu Machi sijakuona. Wenzako wananiletea kila wiki. Kama umeacha niambie tu, nitaelewa."

Nimeacha! Mimi! Sista Laurencia kamjibu kwa niaba yangu, barua ndefu, na amebaki saa nzima ananisugua mgongo. Kocha kajibu kwamba anasikitika, ila sharti ni moja kwa wote: kidude chenyewe kipeleke, maana maneno kila mtu anayo. Imebaki wiki moja.

Jumatatu, 18 Mei

Kimekataa.

Alhamisi, 21 Mei

Kimekataa. Mvua haijakatika tangu juzi. Sista Laurencia kaniuliza swali moja tu: "Hivi huyo shangazi yako umewahi kumwomba?" Nikamwambia yeye ni mtu wa Bukoba, hawezi kumjua Shangazi Khairiya. Akasema, "Na Bukoba tunao mashangazi."

Jumamosi, 23 Mei

Naandika mpaka kalamu imeniuma kidole, lakini leo siachi hata neno.

Baada ya chakula cha mchana nilikuwa tayari uani, nimejifunika kipande cha turubai, mvua inapiga. Nikabonyeza. Kimekataa. Nikabonyeza tena. Nikawa nabonyeza kama mtu anayegonga mlango wa nyumba inayoungua. Na kila nikibonyeza nasikia kitu ndani ya jiko: *ting!* Nabonyeza, *ting!* Nabonyeza, *ting!* Mpaka hapo sikuwa nimefahamu, naapa.

Mlango wa jiko ukafunguka kwa kishindo. Shangazi Khairiya, miwani puani, simu mkono huu na mwiko mkono ule.

"Leo nimekukamata, mwizi we! Toka huko!"

Nikatoka, turubai kichwani, kidude kinang'aa mkononi. Tukatazamana. Kuku mmoja akapita katikati yetu.

"Wafaa?"

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba," akasema, maana hata akiwa na hasira marahaba haimpiti. Kisha akaitazama simu yake, akakitazama kidude. "Bonyeza."

Nikabonyeza. *Ting!*

"La haula! Ni wewe! Miezi miwili! Nikikaa kuswali, ting! Nikichambua mchele, ting! Suhail kanifundisha, mama, asiyejulikana akiingia mtoe, na akirudi simu itakuambia. Nimekutoa kwa mkono wangu siku ya pili tu! Nimemfukuza mtoto wa watu barazani kwa ajili yako!"

Maskini mimi. Kwa hiyo paswedi ilikuwa sahihi siku zote. Kidude kilikuwa kizima siku zote. Nilikaribia kuifuta Rasi Mkumbi bure. Nilitaka nicheke na nilitaka ardhi inimeze.

"Shangazi, saa kumi wanafunga, tafadhali, ukinifungulia tu..."

"Nikufungulie nini? Wewe uko uani kwangu. Nani anaomba kitu uani?" Akanyoosha mwiko kuelekea mbele ya nyumba. "Zunguka. Uje kama mtu mwenye kwao."

Nilizunguka mbio, nikateleza, nikainuka. Nikasimama mbele ya mlango mkubwa, maji yananitiririka.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi!"

Kimya. Najua yumo nyuma ya mlango, nauona mtandio wake chini.

"Hodi, shangazi!"

"Karibu," akasema, akafungua. Akanitupia kanga kavu. "Kaa. Haya, sema haja yako."

Nikasema yote. Kocha Happy, kambi, safari, kona ya kwa Mize, kwamba nataka kushindana, kwamba nataka kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka. Akanisikiliza, mdomo kaukaza.

"Na hayo nimeyasikia kwa nani? Kwa wauza samaki wa Utende! Mtoto wa ndugu yangu kaitwa na watu wa Morogoro, mji mzima unajua, mimi shangazi yake wa tumbo moja sijaletewa hata neno. Ulitaka nifurahi kwa kusikia barabarani? Ndiyo maana nilikusema siku ya Idi. Nilikusema vibaya, lakini nilikuwa na uchungu."

Siku zote hizi nilidhani hapendi baiskeli.

"Nisamehe, shangazi."

"Haya. Lete tukione."

Akafungua programu kwenye simu, na hapo hapo adhana ya alasiri ikaanza. Shangazi akaiweka simu mapajani, akafumba macho, akaanza kumwitikia mwadhini, neno kwa neno, polepole. Saa ya ukutani inakwenda. Warda kachungulia mlangoni, katuona, kakimbia. Mimi nikawa naitikia na huku roho inanitoka. Ikaisha. Akasoma na dua yake nzima. Ndipo akashika simu.

"Hapa panasema haiwezekani," akasema. "Kumi zimejaa. Suhail aliweka nafasi kumi za wanaojulikana, na aliyetolewa harudi mpaka apewe moja."

Tukasoma pamoja, kidole chake juu ya kioo. Simu ya shangazi mwenyewe. Simu ya Warda. Runinga. Simu ya Abubakari, ambayo shangazi hakuwa na moyo wa kuifuta hata alipomfukuza. Tukashuka, tukashuka. Ya mwisho ilikuwa: Simu ya Bwana Ameir.

Bwana Ameir ni mumewe. Tulimzika mwaka juzi. Simu yake iko kwenye kabati, imezimwa, imefungwa leso.

"Shangazi, toa runinga," nikasema haraka. "Kesho tunairudisha."

"Runinga inatazamwa."

Kidole chake kikarudi kwenye lile jina la mwisho. Mvua nje. Nikamwambia basi, hapana, shangazi, acha, haina haja, na kweli nilikuwa nimeshasimama. Akanivuta kanga nikakaa.

"Yeye safari yake imekwisha," akasema. "Wewe yako ndiyo kwanza."

Akabonyeza mwenyewe. Akapangusa miwani. Kisha akanipa simu niandike jina la mgeni mpya, na nilipoandika "kidude" akaninyang'anya, akafuta, akaandika: Wafaa.

Kikaingia! Safari zikaanza kupanda moja moja, na ramani ikawa inajichora, na shangazi kakisogeza kidude puani. "Hapa kwa Mize! Hapa mbona umepinda?" Mbuzi, shangazi. "Hii?" Kilindoni. "Na hii ndefu?" Rasi Mkumbi. "Rasi Mkumbi wapi, ya huku?" Ya huku huku. "Kwa miguu yako?" Kwa miguu yangu! Akaigusa miguu yangu, yenye tope, kwenye mkeka wake mzuri, akapiga kigelegele kimoja kirefu mpaka Abubakari akatoka kibandani mvuani kuuliza kumezaliwa nini.

Rasi Mkumbi ilikuwa ya mwisho kwenda. Ikaenda. Saa ya ukutani ikagonga kumi.

Jumapili, 24 Mei

Shangazi kampelekea Abubakari bakuli la pweza wa nazi na mkeka mpya. Mimi nilibeba bakuli, na maelezo yote nikaachiwa mimi niyatoe.

Ijumaa, 5 Juni

NIMECHAGULIWA! Nimechaguliwa, nimechaguliwa! Sista Laurencia alisoma ujumbe akakaa chini barabarani. Safari hii sikukosea: kabla ya mama, kabla ya baba, nilikimbia kwa shangazi, mlango wa mbele, hodi tatu.

Akasema, "Nilijua." Kisha akaingia chumbani na hakutoka kwa muda.

Jumamosi, 20 Juni

Morogoro. Milima! Hakuna aliyeniambia kuhusu milima! Nimechoka mpaka meno, na nina furaha mpaka naona haya.

Shangazi kapiga kwenye simu ya kocha baada ya alasiri.

"Simu yangu kimya siku hizi," akasema. "Suhail kaniambia, mama, kidude hakipo tena, nafasi ile nimrudishie baba. Nimemwambia hapana. Wafaa kasafiri tu, atarudi."

Wenzangu wamejaa chumba kizima, wanasuka nywele, wananitazama. Nikafanya kitu pekee nilichokiweza. Nikapiga hodi, pale pale kwenye simu, kwa sauti.

"Karibu, mwanangu," akasema.